Kuchora Cooper Creek kwenye ramani: usiufuate kutoka juu hadi chini

Kwa sisi wachora ramani, mto rahisi ni kama Rufiji: matawimto yanaingia, unashuka nayo, siku mbili tatu uko baharini. Cooper Creek wa Australia hauko hivyo. Unatoka Queensland, unaingia Australia Kusini, na bahari hauioni kabisa. Mwisho wake ni ziwa Kati Thanda–Lake Eyre, ambalo sakafu yake iko kama mita 15 chini ya usawa wa bahari, na miaka mingi maji hukauka njiani kabla ya kulifikia. Mara ya kwanza nilipouchora nilipoteza jioni mbili, kisha nikajikuta kwenye matuta ya mchanga yasiyo na mto wowote. Siku hizi nafanya hivi, kwa QGIS (programu ya kuchora ramani) na picha za setilaiti za Sentinel-2, vyote vya bure.

Hatua ya 1: Weka alama mbili

Ya kwanza ni mji wa Windorah, Queensland: latitudo −25.42, longitudo 142.65. Usisahau ile alama ya kutoa. Mimi niliisahau, ramani ikanitupa katikati ya Pasifiki, si mbali na Iwo Jima. Alama ya pili iweke ukingo wa mashariki wa ziwa, sehemu yake ya kaskazini.

Hatua ya 2: Pakua picha za kiangazi na za mafuriko

Za ukame, chukua mwishoni mwa 2019. Za mafuriko, anza na Aprili 2025. Panga bendi (tabaka za mwanga za picha) 8, 4, 3: mimea itakuwa myekundu, maji meusi.

Angalia tarehe kwa makini. Windorah iko takriban mita 120 tu juu ya usawa wa bahari, na ziwa liko karibu kilomita 600 kwa mstari ulionyooka. Kwa mteremko mdogo kiasi hicho, maji hutambaa. Mafuriko yaliyopita Windorah huchukua wiki kadhaa kufika Innamincka, mji mdogo wa Australia Kusini ulio njiani, na zaidi kufika ziwani. Picha ya siku moja haitakuonyesha yote, kwa hiyo kadiri unavyoelekea chini, chukua za tarehe za mbele.

Hatua ya 3: Juu ya Windorah, shuka na maji

Chora mto Barcoo ukipita Tambo, Blackall na Isisford. Chora mto Thomson ukipita Longreach, Stonehenge na Jundah. Inakutana kaskazini mwa Windorah, na huko ndiko jina Cooper Creek linapoanzia. Ndiyo, mito miwili inaungana kuzaa “kijito”. Mpelelezi Charles Sturt aliufikia mwaka 1845, akakuta hautiririki, akaona haustahili kuitwa mto. Jina Cooper ni la jaji wa Australia Kusini.

Hatua ya 4: Chini ya Windorah, geuza, panda kutoka ziwani

Hapa ndipo nilipokosea. Juu, vijito vinaungana, kwa hiyo ukishuka na chochote utafika kwenye mto mkuu. Chini ya Windorah mto unagawanyika. Ukishuka, kila njia panda ni kubahatisha. Ukipanda, kila mkono unakurudisha kwenye shina.

Anza ziwani, pita matuta ya jangwa la Tirari, vuka barabara ya vumbi ya Birdsville Track (mafuriko yakija, magari huvushwa kwa kivuko), kisha endelea mashariki hadi Innamincka. Karibu na hapo utaona mkono wa kaskazini-magharibi unaolisha maziwa ya Coongie, na Strzelecki Creek unaokwenda kusini mafuriko yakiwa makubwa. Mikono hiyo miwili ipe leya (tabaka) yake.

Hatua ya 5: Katikati, acha kufuatilia mifereji

Kati ya Windorah na Innamincka mto unasambaa kwa makumi ya kilomita, mifereji imesukana kama ukili. Usijaribu kuichora yote. Zungushia poligoni (umbo lililofungwa) ukingo wa mafuriko, halafu fungua picha ya ukame. Utaona vidoa vyeusi virefu, vyembamba, vyenye pindo jekundu. Hayo ni madimbwi yanayobaki mifereji ikikauka, na pindo ni mikaratusi ya kandokando. Yachore moja moja. Usiruke Cullyamurra, mashariki mwa Innamincka: mwamba umeubana mto, na maji yamechimba zaidi ya mita 20.

Hatua ya 6: Rangi na majina

Rangi ya buluu kamili wekea madimbwi tu. Mifereji ipe mstari uliokatikakatika. Poligoni iwe buluu hafifu, vinginevyo msomaji atadhani ni ziwa.

Ramani nyingi huonyesha walikofia wapelelezi Burke na Wills mwaka 1861. Mimi huandika pia Yandruwandha, wenyeji waliomlisha mwenzao King mpaka akapatikana. Jina hilo liweke kwa herufi zilizotawanyika kuzunguka Innamincka, saizi moja juu ya jina la mji.