Kabla Hujamleta Nyoka Nyumbani: Kizimba cha Kuhimili Baridi ya Mbeya

Julai iliyopita niliwasha taa ya kizimba kipya sebuleni kwangu Uyole, nikakiacha kitupu usiku kucha. Saa mbili usiku kipimajoto cha upande wa taa kilisoma nyuzi 32. Saa kumi alfajiri niliamka na tochi kwenda kukitazama: nyuzi 22, na taa bado inawaka. Namshukuru Mungu hapakuwa na nyoka ndani.

Mwili wa nyoka haujitengenezei joto kama wetu. Huchukua la mahali alipo. Akipoa, chakula hakisagiki, kinaweza hata kumwozea tumboni, na mapafu hushikwa na maradhi kirahisi. Mbeya mjini tupo takribani mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, Njombe karibu 2,000, na usiku wa kipupwe joto hushuka chini ya nyuzi 10. Ndiyo maana huku kwetu suala la joto linatangulia mengine yote.

Isipokuwa kibali. Hicho kipate kabla hujanunua hata msumari. Nyoka ni mnyamapori, na Sheria ya Kuhifadhi Wanyamapori ya mwaka 2009 haikuachii kumkamata na kumweka ndani kwa hiari yako. Nenda ofisi ya TAWA, mamlaka ya usimamizi wa wanyamapori, eleza unataka nyoka gani na anatoka wapi. Chatu wote wamo pia kwenye CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya wanyama na mimea iliyo hatarini, kwa hiyo anayevuka mpaka lazima awe na karatasi zake. Swila, kifutu na koboko waache porini. Hata chatu wetu wa hapa si wa sebuleni, maana akikomaa anapita mita 3. Vipimo ninavyotoa ni vya chatu mdogo wa Afrika Magharibi, Python regius, yule anayejikunja kama mpira akiogopa. Kwa kawaida hazidi mita 1.5, na akitunzwa vizuri anaishi zaidi ya miaka 20. Mwenye nyumba ajue, na majirani wajue.

Kizimba changu cha kwanza kilikuwa tanki la samaki lenye wavu juu. Joto lote lilipanda darini. Cha pili nilikwenda kwa fundi seremala Mwanjelwa, akanitengenezea cha plaiwudi, urefu sentimita 120, kina 60, kimo 60, chenye vioo viwili vya kuteleza mbele. Plaiwudi inatunza joto kuliko kioo. Mlango uwe mbele, kwa sababu mkono unaotoka juu nyoka huuona kama mwewe. Mwambie fundi apake vanishi ya maji ndani na azibe viungo kwa silikoni, kisha kiache wazi wiki mbili au zaidi, hadi ukiingiza kichwa husikii harufu yoyote. Matundu ya hewa yawe pande zote mbili, yafunikwe wavu wa chuma. Vioo vifungwe kwa kufuli lile la makabati ya vioo ya dukani. Nyoka husukuma kwa pua usiku kucha, na nafasi anayoweza kupitisha kichwa inamtosha kutoka. Akionekana uani kwa jirani, atakutana na panga.

Sasa joto. Upande mmoja uwe nyuzi 31 hadi 33, mwingine 25 hadi 27, nyoka achague mwenyewe. Vifaa usivisake mbali: wanaouza vifaa vya kulea vifaranga wana balbu za joto, na wauzaji wa mashine za kuangulia mayai wana themostati, kifaa kinachowasha na kuzima joto chenyewe, zenye waya wa kihisio unaopima joto. Kihisio kifunge mahali nyoka atakapolala, kikazwe asiweze kukisogeza. Balbu iwekewe kizimba chake kidogo cha waya, kwa sababu nyoka atajizungushia kitu cha moto hadi ngozi iungue, asijue kuondoka mapema. Usiwashe chochote cha joto bila themostati, hata siku moja.

Piga hesabu ya LUKU pia. Balbu ya wati 100 ikiwaka saa 15 kwa siku inakula uniti 1.5. Uniti zisiishe usiku wa manane. Na umeme ukikatika, uwe na chupa za maji ya moto zilizoviringishwa taulo, na blanketi la kufunika kizimba kwa nje bila kuziba hewa. Jiko la mkaa usiliingize chumbani kabisa. Hewa yake inaua watu na nyoka vilevile. Mimi baada ya ile alfajiri nilibandika povu la plastiki lenye unene wa inchi moja nyuma na pembeni, kwa nje, nikakitoa kizimba kwenye ukuta unaopigwa na upepo. Usiku uliofuata, saa kumi, kilisoma 31.

Sakafuni usimwage maranda ya paini, ingawa yanatoka Sao Hill na ni ya bei poa. Utomvu wake unaumiza njia ya hewa. Magazeti yanatosha. Weka maficho mawili yanayombana, moja kila upande. Mimi natumia vyungu vya Wakisi kutoka Matema, nimevilaza kifudifudi, nimekata mlango ukingoni na kuupiga msasa hadi kidole hakikwaruziki. Bakuli la maji liwe zito. Kiangazi cha Iringa kinakausha, na nyoka aliyekauka hujivua gamba vipande vipande, kwa hiyo ndani ya chungu kimoja weka kitambaa chenye unyevu. Dawa ya mbu ya kupuliza isitumike chumba hicho.

Wiki mbili kizimba kikae kitupu huku ukiandika joto asubuhi, mchana na alfajiri. Namba zikitulia, kamchukue. Wiki ya kwanza usimshike. Badilisha maji, funga kufuli, mwache alale ndani ya chungu.