Kupanga stesheni ya kubuni kutokana na stesheni ya kweli: nilivyotoka Ashburton hadi Alderleigh

Stesheni ninayoijenga, ya reli ya mfano yenye treni ndogo za kuchezea juu ya ubao, haimo kwenye ramani yoyote. Inaitwa Alderleigh, jina nililolitunga mwenyewe baada ya kukaa na majina ya vijiji vya jirani zake mpaka sikio likazoea mlio wao. Mama yake, kwa upande mwingine, ni stesheni iliyokuwepo kweli: Ashburton, katika kaunti ya Devon, kusini magharibi mwa Uingereza, mwisho wa tawi dogo la reli lililotoka Totnes kupitia Staverton na Buckfastleigh.

Kwa nini nisijenge Ashburton yenyewe? Kwa sababu ukijenga stesheni ya kweli kwa jina lake, kila mlango na kila dirisha vinakudai. Ukikosa nafasi ya sentimita 40, umeshasema uongo. Lakini ukibuni kila kitu kutoka hewani, unapata ugonjwa mwingine: majengo mazuri, njia nyingi, pointi (mahali njia moja inapogawanyika kuwa mbili) kila mahali, na hakuna anayeweza kusema treni inafuata nini pale. Stesheni ya kubuni yenye mzazi wa kweli inakaa katikati, na ndiyo njia ninayompendekezea kila anayeanza. Chukua kazi ya ile stesheni na sababu za umbo lake. Vipimo vyake viache palepale.

Mjue mzazi kwanza

Nilitumia miezi miwili bila kununua hata kipande cha reli. Nilichokuwa nacho ni picha za zamani, ramani ya skeli ya 1:2500 na daftari. Kwenye ramani ya namna hiyo sentimita 1 ni mita 25 za ardhini, kwa hiyo njia zinaonekana moja moja, na unaweza kufuata kwa kidole treni ingepita wapi. Andika kila unachokigundua pamoja na sababu yake. Usiandike "jukwaa liko upande wa kushoto" tu. Andika barabara ya mji ilitokea wapi hadi jukwaa likawekwa upande huo.

Historia nayo isomwe kwa jicho la fundi. Tawi la Ashburton lilifunguliwa mwaka 1872 kwa geji pana (geji ni nafasi kati ya reli mbili) ya milimita 2,140, likabadilishwa kuwa milimita 1,435 mwaka 1892, na mwaka 1897 likaingia mikononi mwa kampuni ya reli ya Great Western. Abiria walikoma mwaka 1958, mizigo ikakoma mwaka 1962. Tarehe hizi si mapambo. Banda la mbao lililofunika jukwaa na njia yake lilijengwa enzi za geji pana, na mtu akijua hilo hashangai kuona nafasi kubwa kati ya ukuta na behewa. Mimi nisingelijua, ningelibana banda langu mpaka lionekane kama kabati.

Kama huna vipimo vya jengo, tafuta picha ambamo behewa limesimama kando yake. Behewa dogo la mizigo la Uingereza la magurudumu manne lilikuwa na fremu ya mita 5 hivi. Hesabu jengo ni mabehewa mangapi, kisha zidisha. Picha iliyopigwa kwa pembe kali itakudanganya, kwa hiyo tafuta zilizopigwa kutoka ubavuni.

Mwisho wa kusoma, jilazimishe kuchagua vitu vitatu tu ambavyo vikitoka, stesheni haitambuliki tena. Mimi nilichagua banda la mbao linalomeza mwisho wa njia, jukwaa moja peke yake, na banda dogo la mawe la kulaza injini moja. Vingine vyote vilikuwa huru kuhama, kupungua au kufutwa. Nilifuta saidingi mbili, njia fupi za kando za kuegesha mabehewa, siku hiyohiyo, na moja niliipenda sana.

Mpe mtoto maisha yake

Hapa ndipo wengi hupita haraka, nami nakusihi usipite. Historia ya kubuni siyo hadithi ya kuwasimulia wageni. Ni chombo cha kukata shauri. Ya kwangu ina kurasa mbili. Alderleigh ni mji mdogo bonde moja kutoka Ashburton, una kiwanda cha sufu kando ya mto na machimbo ya mawe juu ya kilima. Reli ilifika kwa sababu ya kiwanda, na fedha ziliisha kabla ya kufika machimboni. Kwa hiyo mawe yanaletwa stesheni kwa barabara na kupakiwa kwa mikono.

Tazama sentensi hiyo ya mwisho inavyofanya kazi. Nilipojiuliza kama niongeze njia ya kwenda machimboni, jibu lilikuwa tayari: hapana, fedha ziliisha. Nilipojiuliza kama kuwe na jukwaa la pili, jibu likawa hapana tena, kwa sababu mji haujawahi kuwa na abiria wa kulijaza. Kisha nikaandika kinachoingia (makaa, sufu ghafi, unga, vyakula vya mifugo) na kinachotoka (vitambaa, mawe, ng'ombe siku za mnada). Kila kimoja kinadai behewa la aina yake na mahali pake pa kusimama. Ukikosa mahali pa kushushia makaa, mji wako hauna moto majumbani.

Chagua na mwaka, ukikaza kabisa. Wangu ni 1936. Injini ndogo za Great Western za tawi kama hili, zenye magurudumu manne ya kuendesha na mawili ya nyuma, zilianza kutengenezwa mwaka 1932 na zilikuwa na namba zinazoanzia 4800. Mwaka 1946 zikapewa namba zinazoanzia 1400. Mwaka mmoja wa kubuni ukiyumba, namba ubavuni mwa injini inakuwa kosa, na rangi ya mabehewa inafuata.

Injini hizo zilinifundisha jambo lililobadilisha mchoro wangu wote. Nyingi zilifungwa vifaa vya kuongozwa kutoka upande wa pili wa treni: dereva anaingia kwenye chumba kilicho mwisho wa behewa la abiria, anaongoza kutoka huko, na injini inasukuma kutoka nyuma. Treni ya abiria haina haja ya kugeuza injini. Basi lupu, ile njia ya kando inayoiruhusu injini kuzunguka treni yake, kazi yake pale stesheni ni ya mizigo. Nilikuwa nimeipimia urefu wa treni ya abiria bila sababu.

Hesabu za nafasi

Nina ukuta wa mita 3.2 na ubao wenye upana wa sentimita 45. Eneo la stesheni la mita 300 likipunguzwa kwa skeli ya OO, ambayo ni 1:76, linakuwa karibu mita 4. Kwa HO, 1:87, ni karibu mita 3.4. Kwa skeli ya N ya Kiingereza, 1:148, ni mita 2 na kidogo. N ingenitosha kabisa, na kama ukuta wako ni mfupi nakushauri uifikirie bila aibu. Mimi nilibaki na OO kwa sababu napenda kuona minyororo na mikono ya breki, na nikakubali kubana. Ujue pia kwamba reli ya kawaida ya OO ina milimita 16.5 kati ya pande mbili, ilhali hesabu halisi ingekuwa 18.83, njia itaonekana nyembamba kidogo chini ya injini, na jicho huzoea.

Usibane kila kitu kwa kiwango kimoja. Pointi hazibaniki, wala injini, wala mabehewa. Kinachobanika ni nafasi tupu, urefu wa jukwaa, na idadi ya mabehewa. Kwa hiyo anza na treni, halafu rudi kwenye njia. Injini yangu ina sentimita 12. Behewa refu la abiria lina 28, kwa hiyo injini na mabehewa mawili ni 68. Behewa la mizigo ni karibu 8; matano ni 40, ongeza behewa la gadi, msimamizi wa treni anayekaa mwishoni, 10, na injini yake, jumla 62.

Kutoka mwisho wa njia kuja nje, mchoro wangu unasomeka hivi: mkia wa sentimita 20, pointi 20, lupu iliyo wazi kwa 65, pointi 20, pointi ya kuingilia yadi ya mizigo 20, na kipande cha 75 kinachopinda taratibu hadi chini ya daraja la mawe. Jumla ni mita 2.2. Mita 1 iliyobaki iko nyuma ya daraja, imefichwa. Huko ndiko "dunia nzima" ilipo: trei za mbao zenye reli juu yake, kila moja sentimita 75, ninazobadilisha kwa mkono. Yadi ya pointi ingekula nafasi yote. Trei haili chochote, na treni nzima hugeuzwa bila kushikwa.

Karatasi sakafuni

Programu za kuchorea zinasaidia, nazitumia. Lakini mchoro wa kompyuta ulinipitishia kosa ambalo karatasi ilinikamata nalo jioni moja.

Nilibandika karatasi kubwa sakafuni, mita 3.2 kamili, nikachora kila njia kwa ukubwa wake halisi. Nikakata kadibodi: injini sentimita 12, mabehewa matano ya 8, la gadi 10, kila moja nimeliandikia mzigo wake. Nikapiga magoti na kuanza shantingi, yaani kupanga na kuhamisha mabehewa, kwa kidole. Treni ya mizigo inaingia kwenye njia ya jukwaa. Injini inaachana na mabehewa, inasonga mbele kupita pointi ili irudi kwa lupu. Inasonga, inagonga mwisho wa njia, na kitako chake bado kiko juu ya pointi. Mkia wangu ulikuwa na sentimita 9. Kwenye skrini palikuwa na mstari mzuri uliokwisha vizuri. Kwenye karatasi injini ilikuwa imenaswa, na kazi yote ya stesheni imekwama nayo.

Nilihamisha pointi, nikapima tena, nikarudia kuanzia mwanzo. Mkia ukawa 20: injini, kiunganishi chake, na nafasi ya kupumua. Halafu nikaigiza siku nzima ya Alderleigh, asubuhi hadi jioni. Behewa la makaa lilikuwa linaziba la sufu kila mara, kwa hiyo nikayabadilishia mahali pa kusimama. Mambo hayo mawili yangenigharimu kuvunja njia iliyokwisha kugundishwa. Usikate mbao kabla hujaigiza angalau siku moja hivi, na umwombe mtu mwingine aigize pia. Atasukuma behewa mahali ambapo wewe hujawahi kufikiria.

Weka pia maboksi matupu mahali pa majengo, kwa urefu wake halisi. Banda langu la treni, lenye sentimita 30, linafunika mkia wote na mwanzo wa pointi, mahali njia hazijaachana sana. Linapendeza kwa jicho: treni inaingia kivulini na kusimama. Lakini ndani ya kivuli hicho ndimo injini inamoachana na mabehewa, na ndimo gurudumu litakamotoka relini. Nilijaribu kuingiza mkono kwenye boksi nikaangusha mabehewa mawili ya kadibodi. Kwa hiyo paa la Alderleigh linang'oka zima, limekaa juu ya kuta kwa sumaku nne ndogo, na mota inayosogeza pointi iko chini ya ubao mahali ninapoifikia nikiwa nimekaa. Jengo lolote lenye pointi chini yake lipangie namna ya kufunguka kabla hujachora dirisha lake la kwanza.

Umeme sikuupa muda mwingi katika hatua hii. Weka alama kwenye karatasi kila mahali utakapotaka injini isimame huku nyingine ikitembea, chora waya unashuka wapi, na uhakikishe hakuna ubavu wa fremu ya mbao unaopita chini ya mota ya pointi. Hilo la mwisho ndilo husahaulika zaidi.

Ukingo wa mbele niliuachia sentimita 4 bila njia yoyote, ili injini ikianguka iangukie nyasi. Mpindo wa kuelekea darajani una nusu kipenyo cha sentimita 90. Chini ya 60 mabehewa marefu ya abiria huonekana yakichungulia nje ya njia. Daraja lenyewe nililisogeza mara tatu, nikichuchumaa kila mara na jicho usawa wa ubao, hadi nikapata mahali ambapo mtu aliyekaa kitini haoni trei hata moja. Nikalizungushia kalamu nyekundu, nikatoboa karatasi kwa sindano kila mahali pointi inapoanzia, nikaitandika juu ya plaiwudi na kupitisha penseli kwenye matundu.