Namna ya kutumika kanisani bila kujitafutia jina

Bwana Yesu asifiwe. Mimi ni mama, mzee wa kanisa katika usharika wa Kilutheri huku Uchagani, na wakichaguliwa wazee wapya mara nyingi naombwa nikae nao. Haya ndiyo ninayowaambia.

Anza na kazi zisizotangazwa. Kabla hujashika kipaza sauti, osha vyombo vya Chakula cha Bwana, panga mabenchi, piga deki Jumamosi jioni. Bwana Yesu alijifunga kitambaa kiunoni akawaosha wanafunzi wake miguu, na Yuda alikuwamo. Kwa hiyo usichague wa kumhudumia.

Kisha soma Luka 17, ila usiishie njiani. Mstari wa 10 unatufundisha kusema, "Sisi tu watumwa wasio na faida." Wengi hukomea hapo, wakabaki na unyenyekevu wa manung'uniko. Endelea kidogo tu utawakuta wakoma kumi waliotakaswa, na mmoja, Msamaria, aliyerudi kushukuru. Mimi huzisoma habari hizi mbili pamoja. Anayejua alichopokea hasukumwi kujishusha.

Basi ukiomba jioni, usianze na haja zako. Taja ulichopewa, kimoja kimoja: mvua iliyonyesha kwenye mahindi, mtoto aliyepona homa, jirani aliyekuazima jembe. "Asante kwa yote" huteleza ulimini huku moyo umelala.

Mahali ninapowaangalia sana wazee wapya ni kwenye mnada baada ya ibada. Watu wameleta mkungu wa ndizi, kuku, maziwa kuwa sadaka, navyo vinanadiwa. Mwenye uwezo anapandisha bei ya mkungu, watu wanapiga vigelegele. Halafu yanakuja mayai matatu ya bibi, yamefungwa kwenye kipande cha kanga. Kama ni wewe unayenadi, fungua kanga taratibu, yainue kwa mikono miwili, nadi kwa sauti ile ile uliyonadia mkungu. Usiseme "haya, tumalizie na haya." Usiharakishe. Bibi amekaa pale anakusikiliza, na Bwana aliyemwona mjane akitia senti mbili anakusikiliza pia. Yakishanunuliwa, mrudishie kanga yake mwenyewe, umshike mkono, umwambie, "Asante bibi, Mungu akubariki."

Ukisifiwa, usijibu "Aa, mimi sijafanya kitu," maana umefanya. Sema, "Asante, Mungu ashukuriwe," kisha wataje wenzako: mama aliyechemsha chai, kijana aliyefunga turubai.

Na ukisahauliwa? Umehangaika wiki nzima na maandalizi ya sikukuu ya mavuno, matangazo yanasomwa, wote wanashukuriwa isipokuwa wewe. Itauma, tena sana. Usimpigie mchungaji simu. Usilipeleke kwenye jumuiya likawa maneno. Mwambie Mungu, "Baba, hili limeniuma," ulie kama ni kulia, halafu zamu yako ikifika uwahi kama kawaida. Hapa ndipo wengi huacha huduma, na ndiyo maana nawaambia mapema.

Kipindi chako kikiisha, kabidhi funguo na daftari siku hiyo hiyo. Mwonyeshe anayekupokea vitambaa vya madhabahu vinapokaa na jinsi vinavyofuliwa. Mwombee kwa jina. Akipanga mambo tofauti na ulivyozoea, mwache, akikuuliza, mjibu.