Ginan: namna ya kuipata nyota ya tano ya Msalaba wa Kusini

Watu wengi wakiutazama Msalaba wa Kusini, au Salibu, huhesabu nyota nne na kuishia hapo. Ya tano ni Ginan, yaani Epsilon ya kundi hilo: nyota jitu ya rangi ya chungwa, mag 3.6, iliyo umbali wa miaka ya nuru 230 hivi. Kipimo cha mag, yaani cha mng'ao wa nyota, huenda kinyume, namba ikikua nyota inafifia. Acrux, inayong'aa kuliko zote msalabani, ni 0.8, kwa hiyo mwanga wa Ginan unaotufikia ni kama sehemu moja ya kumi na tatu ya ule wa Acrux. Kuiona si kazi ngumu. Kuiona rangi yake ndiyo kazi.

Hatua ya 1: Chagua saa

Ginan huonekana vizuri inapofika juu kabisa upande wa kusini. Kwa saa ya Dar es Salaam ni hivi:

- Machi 15: saa 7 na robo usiku
- Aprili 15: saa 5 na robo usiku
- Mei 15: saa 3 na robo usiku
- Juni 15: saa 1 na robo usiku

Kila siku inawahi kwa dakika 4, ndiyo maana mwezi mmoja unaleta tofauti ya saa mbili. Kwa pwani ningechagua Juni: masika yameisha, na giza likiingia tu msalaba uko wima. Septemba na Oktoba usijisumbue, Jua liko upande huo huo wa anga.

Epuka mwezi mpevu. Subiri siku za mwezi gizani, au mwezi mchanga usiozidi siku nne.

Hatua ya 2: Jua uangalie juu kiasi gani

Ngumi ya mkono ulionyooshwa ni nyuzi 10 hivi. Ikiwa juu kabisa, Ginan iko nyuzi 36 kutoka upeo wa macho ukiwa Dar es Salaam, 31 ukiwa Nairobi, 29 Kampala na 41 Lubumbashi. Kwa Dar basi ni ngumi tatu na nusu. Tafuta mahali ambapo upande wa kusini hauna taa. Taa zikiwa nyuma yako si neno, zikiwa mbele yako zinaua kila kitu. Zima simu na uyape macho dakika 20. Ukiiwasha kidogo tu "kuangalia programu ya nyota", unaanza kuhesabu upya.

Hatua ya 3: Hakikisha ni msalaba wenyewe

Hapa ndipo wengi wanapopotea. Kulia kwa Salibu, na zikitangulia kuchomoza, kuna nyota nne nyingine zenye umbo la msalaba: mbili za kundi la Carina na mbili za Vela. Ule ni msalaba bandia. Ni mkubwa zaidi, umefifia, na hauna nyota ya tano mahali tunapoitafuta. Msalaba wa kweli una walinzi wawili upande wa kushoto, Rijili Kantori na Hadar, nyota mbili kali zinazoelekeza kwenye Salibu. Usipowaona walinzi, usiendelee.

Hatua ya 4: Shuka kutoka Imai

Msalaba ukiwa wima, juu ni Gacrux, chini ni Acrux, kushoto ni Mimosa, kulia ni Imai. Imai ndiyo iliyofifia kuliko zote nne, mag 2.8. Vuta mstari kutoka Imai hadi Acrux. Ginan iko chini kidogo ya Imai, karibu nyuzi 2, kabla hujafika nusu ya mstari huo, na imeingia ndani ya msalaba kidogo sana.

Ukikodoa macho moja kwa moja inaweza kupotea. Tazama pembeni yake kidogo, kwenye Imai kwa mfano, nayo itajitokeza. Kipimo cha anga lako ni hiki: ukiona doa jeusi kushoto kwa Acrux, chini ya Mimosa, ambalo ni wingu la vumbi linaloziba Njia Nyeupe, basi giza linatosha na Ginan itaonekana bila shida. Katikati ya jiji, doa hilo halipo kabisa na Ginan ni ya kubahatisha.

Hatua ya 5: Itafute rangi

Kwa macho matupu utaona nukta ya kijivu tu. Seli za jicho zinazotambua rangi zinahitaji mwanga mwingi kuliko huo. Chukua darubini ya macho mawili, 7x50 au 10x50, uegemeze viwiko ukutani au kwenye paa la gari. Darubini ya 7x50 inauonyesha karibu msalaba wote kwa mara moja, na hilo ndilo linalosaidia: rangi huonekana kwa kulinganisha. Anza na Mimosa, nyeupe yenye ubuluu. Nenda Gacrux, iliyo nyekundu-chungwa. Kisha Ginan. Halafu zungusha kirekebishi cha fokasi mpaka nyota zitanuke kuwa visahani vidogo. Rangi ya chungwa itatoka wazi zaidi kuliko nyota ikiwa nukta kali. Joto la uso wake linazidi kidogo kelvin 4,000, wakati la Jua ni karibu 5,800. Hiyo ndiyo sababu ya rangi.

Maswali ya wanachama

*Mwalimu, shikamoo. Niko Mwanza. Mei 15 saa 3 kamili msalaba ulikuwa umeinamia kushoto. Nimekosea wapi?*

Marahaba. Hujakosea. Mwanza iko magharibi zaidi ya Dar ingawa saa ya ukutani ni moja, kwa hiyo kwako unasimama wima kama saa 3 na dakika 40. Msalaba huchomoza ukiwa umelalia kushoto na kutua ukiwa umelalia kulia. Ndiyo maana kukariri "chini kulia" hakufai: ukichomoza, Ginan iko juu kulia. Kariri "kutoka Imai kwenda Acrux".

*Nimepiga picha kwa kamera, Ginan imetoka nyeupe.*

Mwanga umezidi, chungwa limeungua. Kwa lenzi ya 50 mm, weka f/2.8, ISO 800, sekunde 8, kamera juu ya stendi. Mizani ya rangi iwe ya mchana, usiiachie kamera ijichagulie. Ikibaki nyeupe, punguza ISO kwanza au vuruga fokasi kidogo.

*Kwa nini bendera ya Australia ina nyota tano na ya New Zealand nne?*

New Zealand wameiacha Ginan. Australia wameichora ndogo, yenye ncha tano, wakati zile nyingine nne za msalaba zina ncha saba. Brazil nao wanayo: inasimamia jimbo la Espírito Santo. Jina Ginan linatoka kwa Wawardaman wa kaskazini mwa Australia, na Muungano wa Kimataifa wa Astronomia uliliidhinisha mwaka 2017.

*Je, italipuka?*

Hapana. Imevimba kufikia kama mara 30 ya upana wa Jua, lakini masi yake si kubwa. Itapoteza tabaka za nje na kubaki kibete cheupe, yaani kiini chake kidogo cha moto.

*Asalaam alaykum, niko Muscat. Naweza kuiona?*

Waalaykum salaam. Inapanda nyuzi 6 tu, katikati ya Mei saa 3 usiku. Kwa kimo hicho mwanga wake unapita kwenye hewa mara 9 hivi ya ile iliyo utosini, na vumbi la Ghuba linamaliza kilichobaki. Kwa macho matupu usitarajie. Tafuta Gacrux kwanza kwa darubini, ushuke kulia hadi Imai, halafu Ginan. Ukiwa na safari ya Salalah kabla ya khareef (msimu wa mvua na ukungu wa huko), huko inafika karibu nyuzi 13.