Kununua rashasha iliyosajiliwa Marekani: anza na karatasi, chuma kitafuata

Mjomba wangu wa Tanga alipoona video yangu nikifyatua Sten, rashasha ya Waingereza ya Vita Kuu ya Pili, jangwani Arizona, swali lake la kwanza lilikuwa: "Hiyo umeazima jeshini?" Sikumshangaa. Kwetu rashasha ni kitu cha askari, habari imeishia hapo. Hata Wamarekani wengi ninaofanya nao kazi wanaamini raia haruhusiwi. Sheria ya serikali kuu inaruhusu, ila njia yake ni ndefu, ya gharama, na imejaa makaratasi. Nimeipitia mara tatu, na mara ya kwanza nilijuta. Nawaandikia ninyi mnaoishi huku mnaoniuliza kila wiki.

Hatua ya 1: Jichunguze mwenyewe kabla ya kuchunguza bunduki

Ukiwa na viza ya muda, ya masomo au ya kazi, kwa kawaida mlango umefungwa. Mwenye kadi ya kijani anaruhusiwa, raia pia, umri miaka 21 ukinunua kwa muuzaji. Hukumu ya kosa kubwa inakuondoa. Hukumu ya ugomvi wa nyumbani inakuondoa hata kama ni kosa dogo. Bangi nayo inakuondoa, hata kama dukani jimboni kwako inauzwa mchana kweupe, kwa sababu fomu ni za serikali kuu na huko bado ni haramu. Na ninyi wa kadi ya kijani nisikilizeni vizuri: kosa la silaha ni sababu ya kufukuzwa nchini. Kama kuna jambo kwenye faili lako hulielewi, lipa wakili saa moja kwanza.

Halafu jimbo. Arizona, Texas, Georgia na Tennessee hazina shida. California, New York, New Jersey, Illinois na Hawaii, mtu wa kawaida asahau. Ndugu zangu wa Minnesota, kwenu zinakubalika zile tu zinazohesabika kuwa za kale za makusanyo, kwa hiyo msidanganyike na tangazo la M11, rashasha ndogo ya Kimarekani isiyo ya kale.

Hatua ya 2: Jua kwa nini kipande cha bati kinauzwa bei ya gari

Mwaka 1934, baada ya miaka ya majambazi wa pombe ya magendo kumiminiana risasi Chicago na kwingineko, Bunge la Marekani liliweka usajili na kodi ya dola 200 kwa kila rashasha inayobadilisha mikono. Wakati huo kodi ilikaribia bei ya Thompson yenyewe, rashasha ya majambazi hao. Haijapanda hata senti mpaka leo. Tangu Januari 1, 2026 imefutwa kwa viziba sauti na bunduki fupi, lakini kwa rashasha imebaki palepale.

Mwaka 1968 uagizaji kutoka nje kwa ajili ya raia ukafungwa. Kisha Mei 19, 1986 Rais Reagan akasaini sheria iliyofunga daftari: rashasha ambayo haikuwa imesajiliwa kihalali kufikia siku hiyo haiwezi kuwa ya raia tena. Hesabu ya serikali inayotajwa sana ni kama 176,000 kwa nchi nzima. Zinaungua nyumba zikiwaka, zinaibwa, zinapasuka, na hakuna mpya inayoingia. Ndiyo maana nasema unachonunua ni ule mstari kwenye daftari. Chuma kinafuata tu.

Wauzaji wanazigawa makundi matatu, na hapa ndipo watu huliwa. Kundi la kwanza ni zinazohamishika, yaani za raia, na hizi tu ndizo zako. La pili ni sampuli za kabla ya Mei 1986, ambazo muuzaji mwenye leseni anaweza kumiliki na kumuuzia muuzaji mwenzake. La tatu ni sampuli za baada ya Mei 1986, za kuonyeshea polisi. Ukiambiwa "hii M16 ni dola 3,000, ni sampuli, tutajua jinsi ya kuiandika", aga kwa heshima uondoke. Na vile vidude vinavyouzwa mtandaoni vya kuigeuza bastola kuwa rashasha, hata kabla hujakifunga popote, sheria inakihesabu kidude chenyewe kuwa rashasha isiyosajiliwa. Kifungo chake kinafika miaka 10. Hakuna namna ya kukisajili baadaye.

Hatua ya 3: Chagua kwa mfuko, na kwa hesabu ya risasi

Kwa bei ninazoziona, familia ya MAC, rashasha ndogo za bati, ndiyo mlango wa kuingilia: M11/9, yaani M11 ya milimita 9, huanzia karibu dola 8,000 na mara nyingi inafika 10,000. Sten ziko jirani na hapo au juu kidogo. M16 ya Colt, anza kuhesabu dola 30,000. M60, ile kubwa ya mkanda wa risasi, ni bei ya nyumba nzuri Tanga, na kiwanja chake.

Lakini M11/9 inatema kama risasi 1,200 kwa dakika. Magazini ya risasi 30 inakwisha kwa sekunde moja na nusu. Risasi za milimita 9 ukizipata kwa senti 25 moja, boksi la risasi 1,000 ni dola 250, nalo kwa muda halisi wa kufyatua ni sekunde 50. Sten ni ya mwendo wa kizee, kama nusu ya hapo, unaisikia kila risasi ikigonga. Mimi nilichagua Sten kwa sababu hiyo, na watu wa M11 wanacheka mpaka tunapogawana bili ya risasi.

Hatua ya 4: Tafuta muuzaji, umuulize swali moja

Muuzaji lazima awe na leseni ya serikali kuu ya silaha na juu yake awe amelipa kodi maalumu ya biashara hii. Mitaani wanamwita wa daraja la 3. Wapo wanaoishi kwa rashasha tu, na hao ndio unaowataka, kwa sababu duka la kawaida linaloshika moja kwa mwaka litakosea fomu. Njia nyingine ni minada mikubwa kama Rock Island au Morphy, ila kumbuka mnada unaongeza asilimia yake juu ya bei iliyogongwa nyundo.

Swali lenyewe: "Iko kwenye Fomu 3, au bado iko kwenye Fomu 4?" Maana yake, je, bunduki tayari iko kwa jina la muuzaji na inaweza kuhamia kwa muuzaji wa jimbo lako bila kodi, au bado ni ya mtu binafsi huko aliko? Ikiwa ni ya mtu binafsi wa jimbo jingine na inapitia kwa muuzaji wa huko, kuna safari tatu: Fomu 4 yenye dola 200 kutoka kwake kwenda kwa muuzaji wa huko, Fomu 3 kutoka kwa muuzaji huyo kwenda kwa wako, halafu Fomu 4 nyingine yenye dola 200 kuja kwako. Mkubaliane mapema nani analipa ile ya kwanza.

Mimi sikuuliza. Nililipa nusu ya bei ya M11 kwa muuzaji wa jimbo jingine, ambaye simtaji, kumbe bunduki bado ilikuwa kwa jina la marehemu na warithi walikuwa hawajamaliza mambo ya mirathi. Miezi 11 pesa yangu imelala kwake, bunduki haijasogea hata meza moja. Hakuwa mwizi. Alijibu nilichouliza, na mimi sikuuliza kitu.

Hatua ya 5: Kagua, ukishika nakala ya fomu mkononi

Kilichosajiliwa ni kipande kimoja, kwa kawaida risiva, yaani mwili wa bunduki. Mtutu, kitako na magazini vinabadilishwa. Risiva ikipasuka, umebaki na karatasi na huzuni. Kwenye MAC risiva ni bati la chuma lililokunjwa na kuchomelewa, kwa hiyo angalia mishono ya kuchomelea kwa tochi, kona kwa kona. Magazini za plastiki za M11/9 huchakaa, ziwekee bajeti.

Sten ina jambo lake. Nyingi za raia si za Uingereza kwa usajili: kabla ya 1986 mafundi wadogo wa Marekani walisajili mabomba matupu, kisha wakayajengea vipuri vya Sten za zamani. Kwa hiyo jina la mtengenezaji kwenye fomu ni la fundi huyo, na namba yake mara nyingi imechongwa kwa mkono, herufi zimelala upande. Ya kwangu nilikaa nayo dirishani na lenzi, kwa sababu fomu ilisema sifuri na chuma kilionekana kusema O. Muuzaji alisema ni kitu kidogo. Nikamwambia basi tukirekebishe kikiwa kidogo. Linganisha namba, jina la mtengenezaji, modeli, ukubwa wa risasi na urefu wa mtutu, kisha lipa.

Mkataba wa malipo ya awali uandikwe: kiasi, nini kinarudishwa ombi likikataliwa, na muda wa mwisho. Usiibebe kwenda nayo nyumbani hata kwa dakika moja kabla ya idhini.

Hatua ya 6: Fomu 4

Siku hizi inajazwa mtandaoni, mara nyingi kwenye kompyuta ya muuzaji. Unahitaji picha ya pasipoti, alama za vidole, dola 200, na nakala ya taarifa kwa sherifu au mkuu wa polisi wa eneo lako. Hiyo nakala ni kumjulisha tu. Tangu Julai 2016 saini yake haihitajiki. Kuna mahali fomu inauliza kwa nini unahitaji kuwa nayo. Watu huandika "matumizi yote halali", na inatosha.

Vidole vilinisumbua. Nilikuwa natandika vigae miaka ile, saruji imenilamba ncha za vidole mpaka zikawa laini kama kigae chenyewe. Yule mama aliyekuwa ananipaka wino alirudia mara nne, kisha akaniuliza nafanya kazi gani. Akasema niache kazi wiki moja, nipake mafuta ya nazi usiku, nirudi. Nikarudi, zikatoka.

Unaweza kununua kwa jina lako au kwa jina la trasti, yaani hati ya kisheria inayoshika mali kwa niaba ya watu waliotajwa ndani yake. Kwa jina lako ni rahisi, lakini ni wewe peke yako unayeruhusiwa kuwa nayo. Mkeo akijua namba ya sefu ukiwa safarini, kuna tatizo. Kwa trasti, kila mhusika anatoa picha na vidole vyake, na wote wanaweza kuishika kihalali. Wenye familia nawashauri trasti, iandikwe na wakili wa jimbo lenu.

Hatua ya 7: Subiri, chukua, tunza

Zamani ilikuwa mwaka mzima au karibu na hapo. Za mtandaoni hurudi haraka zaidi, wakati mwingine kwa siku, wakati mwingine wiki nyingi, na simu zako haziharakishi kitu. Ikikataliwa, kodi inarudishwa. Ikikubaliwa, unakwenda dukani, unajaza Fomu 4473 kama mnunuzi yeyote, unaondoka nayo ikiwa na idhini yake.

Kuivusha mpaka wa jimbo unahitaji Fomu 5320.20 iliyoidhinishwa kabla, hata kama unakwenda kulenga shabaha mwisho wa juma. Watu wa majimbo mengine wanaokuja kwenye Big Sandy, mkusanyiko wa wafyatua rashasha hapa Arizona, wanaomba mapema. Na usiulize habari ya kuja nayo likizo Dar.

Nakala ya fomu iliyoidhinishwa naiweka kwenye mkoba uleule wa bunduki, ya asili iko kwenye sefu nyingine. Ukifa, mrithi halali anahamishiwa kwa Fomu 5 bila kodi, mradi karatasi zipatikane. Mke wangu hapendi makelele ya ile Sten na hajawahi kuigusa, lakini bahasha ya kahawia anajua iko wapi.