Somo: Kolaji ya picha kama za Hockney (soma yote kabla ya kuuliza)

Wiki hii nimeulizwa mara sita ile kolaji yangu (picha nyingi ndogo zilizobandikwa pamoja kuwa moja) ya fundi wa viatu wa Kariokor, Nairobi, niliitengeneza kwa programu gani. Sikutumia programu. Naandika mara moja, atakayeuliza tena nitamwelekeza hapa.

Mtindo si wangu. Ni wa David Hockney, mchoraji Mwingereza, aliyeanza mwaka 1982 kwa kupanga picha za Polaroid (kamera inayotoa picha papo hapo) safu kwa safu, kingo zake nyeupe zikibaki vilevile. Baadaye akatumia picha za kawaida zinazopandiana. Ugomvi wake na kamera ni kwamba inakodoa jicho moja, mara moja, imesimama tuli. Nyoosha mkono utazame ukucha wa dole gumba. Sehemu unayoiona kwa ukali kamili haizidi sana ukucha huo. Kwingine ni ukungu. Jicho linarukaruka kama mara tatu kwa sekunde, na ubongo unaunga vipande.

1. Chagua mahali penye vitu vingi.

2. Omba ruhusa. Ukinunua na ndala, hutakufa.

3. Piga. Hapa ndipo nilipoharibu. Mara ya kwanza nilisimama mlangoni kama bawabu, nikazungusha simu kushoto na kulia, picha 60. Nilipozipanga zikaoana kabisa! Nikawa nimelipia picha 60 kupata moja, tena mbaya. Kwa hiyo sogea. Ngozi ikaribie mpaka uone nyuzi, nyundo ifuate ilipo, uso wa fundi uurudie kila anapogeuka, na ukiinama upige viatu vyako mwenyewe. Kwa kazi yake ya 1986, "Pearblossom Highway", Hockney alipanda ngazi ili apige kibao cha barabarani uso kwa uso. Ni barabara ya jangwani California, lakini kila kitu kinakujia puani. Ilikula picha zaidi ya 700.
ONYO: usivute kwa zumu mahali unapoweza kufika kwa miguu.
ONYO: usifute picha yenye mkono wa mpita njia. Huo mkono utauhitaji.

4. Chapisha zote duka moja, siku moja, saizi ya inchi 4x6. Mwambie wa duka asirekebishe rangi.

5. Panga sakafuni bila gundi. Zima feni.

6. Ziache zilale usiku mmoja, kisha bandika.

MASWALI

— Bosi, ni app gani hii?
Sentensi ya pili.

— Kingo zangu hazioani, nifanyeje?
Usifanye kitu.

— Si hii ni panorama tu ya mtu asiye na simu nzuri?
Hesabu mikono ya fundi kwenye picha yangu. Ni mitano. Ukipata simu ya kukupa hiyo, niitie.

— Samahani kaka, mimi naona kwa jicho moja tangu utotoni. Somo hili linanihusu?
Linakuhusu sana dada, na umenisahihisha: kosa la kamera si jicho moja, ni kusimama tuli. Jicho lako nalo linarukaruka. Na bila shaka unajua kuliko sisi kwamba ukisogeza kichwa, cha karibu hukimbia na cha mbali hubaki nyuma. Hapo ndipo unapopimia umbali. Jaribu kupiga kitu kilekile ukipiga hatua moja kando kila mara. Ukimaliza tuonyeshe, nadhani utatufundisha.

— Gundi ya maji imekunja picha zangu zote.
Pole. Tepe ya pande mbili.

— Na kadibodi kubwa mnatoa wapi? Manila inapinda.
Mimi huomba maboksi ya televisheni kwenye maduka ya Luthuli, Nairobi.

— Luthuli siku hizi wanayauza hayo maboksi. Nenda asubuhi, kabla wenye mikokoteni hawajapita.