Hema la kwanza, lala nalo uani

Mnaotaka kupiga kambi na watoto kwa mara ya kwanza huku Malindi, msikimbilie madukani. Azimeni hema, mlale usiku mmoja uani kwenu. Hapo ndipo utajua tochi haina betri na kitinda mimba halali bila mto wake, na nyumba iko hatua kumi tu.

Ufuoni, shida ni mchanga. Vigingi hung'oka upepo ukivuma kidogo. Mimi hujaza mchanga kwenye viroba vitupu, nafunga kamba za hema, kisha navifukia kina cha mkono hadi kiwiko. Havitoki hata upepo wa kusi uvume. Tazama pia mstari wa mwani mkavu: maji yalifika hapo. Wakati wa bamvua, mwezi ukiwa mpevu au ukiandama, hupanda zaidi, kwa hiyo sogea juu.

Vyombo ni vya nyumbani: jiko la makaa (lisiingie hemani kabisa), sufuria, mkeka, chandarua. Mbu wa huku hawana adabu. Aprili na Mei ni masika, subirini. Asiyependa ufuo aulizie kambi ya msitu wa Arabuko-Sokoke.